Fomu Isiyoitika Salamu

Waraka wa Adolf ulifika asubuhi. Wema akausoma wote huku uji ukipoa pembeni, na alipomaliza hakujua kama alikuwa na njaa au la. Adolf alikuwa mshauri wa Dar es Salaam, mtu wa sentensi fupi na maagizo marefu, aliyepewa na wafadhili kazi ya kuwasaidia akina mama wa Katonga, mwalo wa Kigoma, kuuza dagaa kwenye mtandao. Waraka wenyewe ulikuwa na kichwa kama treni ya mizigo: Mahitaji ya Kiufundi ya Plagini ya Fomu ya Kunasa Wateja Watarajiwa. Kunasa, utadhani wateja ni kware. Zamani Wema angecheka peke yake mpaka amwagikiwe na uji. Siku hizi alikuwa hacheki, halii, anafanya tu kile kilicho mbele yake.

Plagini, kwa asiyejua, ni kipande cha programu unachokipachika kwenye tovuti ili tovuti ipate kazi moja zaidi, kama vile mtu anavyofunga keria kwenye baiskeli. Wema alizijua plagini kama mama wa Katonga anavyowajua dagaa. Alifanyia kazi kwenye chumba cha mbele cha nyumba yao, mtaani Kasingirima, na nusu ya maduka ya Ujiji yaliyokuwa na tovuti yalikuwa yametengenezewa na yeye. Kazi hii nayo ilikuwa ndogo. Angeimaliza hata akiwa usingizini, na kwa kweli ndivyo alivyoifanya.

Maana miezi michache nyuma Wema alijifungua mtoto wa kike ambaye hakulia. Walimpasua, na alipozinduka kutoka kwenye dawa mtoto alikuwa ameshachukuliwa na mama mkwe wake, Eufrasia, na wanawake wawili wa ukoo, akazikwa jua likiwa bado juu. Hapakuwa na matanga. Hapakuwa na turubai wala viti vya kukodi, wala mtu aliyekuja na kilo ya sukari kusema pole. Kwa ukoo wa Feliksi, mumewe, mtoto ambaye hakulia naye haliliwi. Eufrasia alilisema hilo mara moja, akiwa amesimama mguuni pa kitanda cha hospitali: mdomo ukimtaja, tumbo linafunga.

Wema aliuliza neno moja tu. "Mmemlaza wapi, mama?"

"Hilo haliulizwi, mwanangu."

Alipomuuliza Feliksi, ambaye ni fundi wa injini za boti kule Kibirizi, Feliksi alifuta mikono yake kwa kitambaa kwa muda mrefu kuliko grisi iliyokuwepo. Hakujua. Siku ile alikuwa hospitali, kwenye benchi la nje ya chumba cha upasuaji. "Anajua mama," alisema, "na mama unamjua."

Basi hilo ndilo lililobaki kwa Wema. Hakutaka kuhurumiwa, hakutaka hata mtoto mwingine, ingawa kila aliyemwona alimwahidi mwingine, kana kwamba mtoto ni ndoo iliyotumbukia kisimani. Alitaka kujua wa kwake yuko wapi. Swali hilo lilikaa ndani yake bila kuuma, kama jino lililochomwa sindano ya ganzi: unaligusa kwa ulimi, unajua lipo, husikii kitu. Alikuwa akipita njia ya makaburi, akitazama huku na huku, kisha anaendelea na safari yake ya sokoni.

Adolf alitaka fomu iwe fupi. Jina, lazima. Namba ya simu, lazima. Ujumbe, lazima. Kisanduku cha kukubali kutafutwa, lazima. Sehemu zikizidi hapo, aliandika, mteja anachoka na kukimbia. Ifunguke haraka hata kwenye simu ya bei rahisi na mtandao wa kusuasua. Iwe na nafasi ya kumjibu mteja, na jibu limfikie kwa meseji ya kawaida, na akijibu meseji hiyo maneno yake yarudi humohumo. Hayo yote yalikuwa na akili, tusimwonee mtu. Lakini chini kabisa aliweka kifungu kingine: ujumbe usiotaja bidhaa wala kiasi uhesabiwe takataka, upelekwe kwenye folda ya takataka, wala usimsumbue mtu kwa arifa.

Hapo ndipo mtu wa Dar alipojikwaa. Mtu wa Kigoma hakuombi hata kiberiti kabla hajakuuliza umeamkaje, na watoto wameamkaje, na huko kwenu mvua imenyeshaje. Ukimwitikia, ndipo anakuja kwenye shida yake. Usipomwitikia anaondoka nayo, na maringo yako anayatangaza njia nzima. Wema alikuwa mzaliwa wa Ujiji, haya aliyanyonya kwa mamaye, na zamani angempigia Adolf simu wakagombana mpaka salio likaisha. Safari hii alikisoma kile kifungu, akaona kuna kitu hakikai sawa, akakosa nguvu ya kujua ni kitu gani. Akaandika kanuni kama ilivyoagizwa, akaijaribu kwa ujumbe wa "dagaa gunia kumi", ikapita. Akafunga kompyuta.

Siku ya kuwaonyesha akina mama, Katonga ilikuwa na jua zuri na harufu yake ya kila siku. Walikaa kwenye turubai pembeni ya chanja za kuanikia, kila mmoja na simu yake, na Mama Honorata, mwenyekiti wao, mwanamke ambaye sauti yake huifikia mitumbwi iliyo mbali majini, aliwanyamazisha mara nyingi kuliko walivyopiga kelele. Wema akaeleza. Alieleza vizuri, kwa sauti ileile toka mwanzo hadi mwisho, macho yakiwa ziwani bila kuliona ziwa.

"Mtu akiandika hapa akabonyeza Tuma, ujumbe unakuja kwangu. Mimi nausoma, halafu namwambia Mama Honorata."

Eufrasia naye alikuwepo. Alikuwa mwanachama tangu kikundi kinaanza, na alikuwa amesimama nyuma ya wenzake akigeuza dagaa ili wasiungue upande mmoja. Kusoma alijifunza ukubwani, kwenye kisomo cha jioni, na mpaka leo aliifuata kila herufi kwa kidole.

"Unakuja kwako wewe?" aliuliza.

"Ndiyo mama."

"Hausomwi na mwingine huko njiani?"

"Hapana. Ni mimi tu."

"Na mtu hasemi neno. Anaandika tu."

"Anaandika tu, mama."

Eufrasia akaitikia kwa kichwa, akarudi kwa dagaa wake. Honorata akapiga makofi, wote wakapiga. Wema akapewa migebuka wawili wa kukaanga wamefungwa kwenye gazeti, akashukuru, akaondoka nao, na nyumbani akawasahau mezani mpaka paka wa jirani akawakumbuka.

Fomu ikakaa kimya. Siku zikapita, wiki ikaisha, nyingine ikaanza, na kwenye ukurasa wa Wema hapakuingia mteja hata wa dawa. Adolf aliandika kwamba tuvute subira, mambo ya mtandao huanza polepole. Wema akajibu sawa. Alikuwa anajibu sawa kwa kila kitu wakati huo. Nyumbani kwa mama mkwe alipita karibu kila siku, wakasalimiana na kupeana habari za kuni na za maji. Kama angekuwa na macho yake ya zamani angeona kwamba Eufrasia alianza kumtazama kwa kuibia, na kwamba siku moja alipompa bakuli la maharage alilishikilia kidogo kabla ya kuliachia. Hakuona. Alirudi na maharage yake.

Kisha Honorata akatia timu Kasingirima, amefunga kitenge kwa hasira.

"Wema, hii fomu yako ni kiziwi au ina maringo?"

"Karibu mama. Shikamoo. Kuna nini?"

"Marahaba. Manariyo wa Bujumbura, yule anayechukua dagaa kwetu miaka yote, kanipigia simu kunisuta. Anasema kaingia kwenye hilo dude letu akatuamkia, tukamnyamazia. Akafikiri labda tumeshikwa na kazi, kesho yake akatuamkia tena. Kimya! Basi kaenda kununua kwa wengine. Anasema akina mama wa Katonga siku hizi wamepata mtandao wamesahau adabu."

Wema alimsikiliza, na kile kitu ambacho hakikukaa sawa siku ile kikamjia mbele kikasimama. Akafungua kompyuta. Akaifungua folda ya takataka, ambayo tangu aitengeneze hakuwahi kuichungulia, na Honorata akavuta kiti akakaa karibu yake.

Ilikuwa imejaa. "Amahoro. Habari za Katonga?" Huyo Manariyo. "Amahoro, au mnalala?" Manariyo tena. "Shikamooni akina mama." "Hodi hapo." "Za asubuhi, poleni na majukumu." "Hodi tena." "Jamani wenyewe mpo?" Kulikuwa na mtu wa Kasulu aliyeamkia kwa ustaarabu mkubwa na kuuliza hali ya ziwa, na mwingine wa Tabora aliyeandika "Tumsifu Yesu Kristo" na kuacha nafasi ya kuitikiwa. Hakuna hata mmoja aliyetaja dagaa. Wote walikuwa wamesimama mlangoni wakisubiri waambiwe karibu, na plagini ikawachota mmoja mmoja ikawamwaga jalalani.

Honorata akacheka mpaka akashika mbavu. Halafu akaacha kucheka. "Yaani mtu anapiga hodi, sisi tunamtupa? Mizimu ya watu itatulaani, Wema. Shusha hapo chini tuone wengine."

Wema akashusha, na jina lililofuata lilikuwa Eufrasia.

"Wema mwakeye." Salamu ya asubuhi ya Kiha.

Chini yake: "Wema umeamkaje mwanangu."

Chini yake: "Wema ni mimi mama yako Eufrasia. Umeamkaje."

Honorata akaliona jina. Akatazama pembeni, akatazama dari, akainuka taratibu mno kwa mtu wa ukubwa wake. "Mimi nitarudi kesho," alisema. "Wewe malizana na hao wengine." Akatoka akaurudisha mlango, yeye ambaye maisha yake yote hajawahi kufunga mlango wa mtu.

Wema aliendelea kusoma. "Wema nyumbani nakusalimu lakini hapa bado sijakusalimu. Mwakeye." Huo ulikuwa wa siku ile ya maharage. Wa mwisho ulikuwa wa jana: "Wema kama hutaki kuniitikia nitaelewa."

Moyo wake haukuruka wala nini. Aliona tu kwamba kiti cha Honorata kiko karibu mno. Alifanya kwanza lile lililokuwa rahisi: akaenda kwenye kanuni ya kifungu cha chini kabisa, akaifuta. Simu ya Adolf ikaita muda si mrefu, maana mtu wa Dar alikuwa ameunganishiwa taarifa za kila badiliko.

"Wema, naona umeondoa kichujio. Fomu itajaa takataka."

"Zile si takataka. Ni salamu."

"Salamu si taarifa, dada yangu. Haimwambii muuzaji chochote."

"Inamwambia kuna mtu mlangoni," alisema Wema, na sauti yake ikamshangaza yeye mwenyewe, kwa sababu ilikuwa imepanda. "Kama hujui kuitika usiweke mlango." Akakata simu. Hakuwahi kumkatia Adolf simu.

Kisha akafungua nafasi ya kumjibu mteja, mbele ya jina la Eufrasia. Angeweza kuuliza lile swali palepale. Halikumjia hata kidogo kufanya hivyo. Hata kwenye ganzi mtu hasahau alivyolelewa. Aliandika: "Shikamoo mama. Nimeamka salama. Samahani sikusikia. Wewe umeamkaje?"

Akatuma. Nje mtu alikuwa anapita akiuza karanga. Alipita, akarudi, akapita tena, ndipo meseji ikaingia. Mtu anayeandika kwa kidole kimoja hakimbizwi.

"Marahaba mwanangu. Nimeamka. Mgongo tu."

"Pole na mgongo mama. Dagaa wamekauka?"

"Jua la leo dogo. Feliksi kaenda kazini?"

"Kaenda."

"Umekula?"

"Bado."

"Ule."

"Nitakula mama."

Baada ya hapo Wema akakaa mikono ikiwa mapajani. Hakusali, hakuwaza. Alikuwa kama mtu aliyefika kwenye foleni akakuta amebaki peke yake. Meseji zilipoanza kuingia ziliingia moja baada ya nyingine, bila mkato, na Wema alizisoma kwa kidole, kama mwandishi wake alivyoziandika.

"Sasa nakuambia. Wale wenzangu walitaka tumweke kwenye migomba kama desturi nikakataa nikasema mvua itamfukua."

"Nilimlaza ndani kwangu. Chumbani upande wa ukuta. Kitanda nimekisogeza nalala karibu naye."

"Nilimwosha mwenyewe. Nywele zilikuwa nyingi. Vidole vya miguu ni vyako kabisa."

"Kwa mdomo siwezi naogopea tumbo lako. Mimi nilipoteza wawili nikawataja nikamlilia kila mtu ndio maana Feliksi hana ndugu. Usinichukie."

Wema akatazama miguu yake. Ilikuwa imevaa ndala. Akazivua, akavitazama vidole, kile cha pili kimekipita kile kikubwa kwa urefu, akaona kwamba anavitazama kwa muda mrefu na kwamba kifua chake kimeanza kupanda na kushuka vibaya. Ganzi ilikuwa inatoka, na ganzi ikitoka inauma kuliko jino lenyewe. Aliinuka akatoka bila kufunga mlango na bila kurudisha ndala.

Kwa Eufrasia hakukuwa mbali, lakini palikuwa mchana na watu walikuwa barazani. Za saa hizi, Wema? Nzuri. Feliksi hajambo? Hajambo. Mbona pekupeku? Nimesahau. Aliwaitikia wote, kila mmoja na chake, kwa sauti iliyotulia, na wote wakaridhika kwamba yule binti amekwisha kupoa.

Eufrasia alikuwa mlangoni, simu mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Wakaingia chumbani. Mama mkwe akashika kitanda upande wa kichwa, Wema upande wa miguu, wakakinyanyua pamoja kwa sababu ya ule mgongo, wakakihamishia katikati. Sakafu ilikuwa ya udongo. Kando ya ukuta palikuwa na mahali palipokandikwa upya, pakalainishwa kwa kiganja cha mkono mpaka pakang'aa, padogo kiasi kwamba kanga iliyokunjwa ingepafunika. Juu yake hapakuwa na kitu. Palikuwa pamefagiliwa.

Wema akapiga magoti. Akaweka mkono hapo, akalala chini ubavu, akaweka na shavu. Sauti ikaanza kumtoka, ndogo kwanza, sauti ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuisikia, na alipojaribu kuizuia kwa mkono haikuzuilika. Eufrasia alisimama kidogo juu yake. Kisha akatoka haraka, akauvuta mlango nyuma yake.

Uani kinu kikaanza. Mchi ulipanda na kushuka, tu, tu, tu, mapigo mazito ya mtu mwenye kazi, na kadiri sauti ya Wema ilivyopanda ndivyo mchi ulivyoongeza nguvu. Catherine, jirani wa ng'ambo ya ua, akatoa kichwa juu ya senyenge.

"Mama Feliksi! Unatwanga nini saa hizi, na mgongo huo?"

"Sombe," alisema Eufrasia.

"Mbona kwa nguvu hivyo?"

"Majani ya muhogo yamekomaa."

Catherine akacheka akarudi kwenye sufuria zake. Eufrasia akaendelea kutwanga, jasho na machozi vikimshuka usoni kwa pamoja asiweze mtu kuvitenganisha, na ndani Wema akalia kwa mdomo wazi, kwa sauti yake yote, akamwita mwanawe mwanangu, mwanangu, bila mtu hata mmoja wa Kasingirima kumsikia. Alipogeuza uso kutafuta pumzi aliona, kwenye upenyo wa mlango, mchi ukipanda na kushuka. Kinu hakikuwa na jani hata moja.